Chumba cha Vitanda Vitatu

Msalato, Dodoma
27 Aprili 2025

Wifi yangu Loisi,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu. Sisi tunaendelea, tumechoka tu, na uchovu siku hizi hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulisema simu huko kwenu haishiki mpaka mtu apande kilima cha shule. Konda wa basi la Chemba amekubali kukufikishia, na nimemwongezea majani ya chai na sabuni uvipokee pamoja.

Juzi nilijiuliza mara ya mwisho tulikutana wapi sisi sote. Ilikuwa kwenye matanga ya mama. Kabla ya hapo ilikuwa kwenye matanga ya Lameck, kaka yangu na mume wako. Tumekuwa ukoo wa kukutana chini ya turubai. Tunalia, tunakula wali wa msiba, tunaosha sufuria za watu, kila mtu anapanda gari lake. Nimechoka, wifi. Nataka mara moja tu tukae pamoja bila mtu kufa.

Sasa nina wazo, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Twende Rwanda katikati ya Juni, wiki moja. Ni nchi ndogo, haisumbui: asubuhi unakunywa chai upande huu, jioni unakula upande ule kwenye Ziwa Kivu. Sostenes ataendesha gari letu. Tutakuwa mimi na yeye, Gladness wetu, wewe, Emiliana wako, na Baba unayekaa naye huko. Baba anaelekea miaka themanini na hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Pasi yako ya ile safari ya kwaya bado haijaisha. Emiliana yuko chuoni hapa hapa mjini, yake nitashughulikia. Ya Baba ndiyo kazi. Niandikie majina yake matatu na namba, kama vilivyo kwenye kitambulisho. Nikiandika kwa kukumbuka nitakosea, na watu wa uhamiaji hawana utani.

Wifi yako,
Devota

*

Chemba
4 Mei 2025

Wifi Devota,

Chai na sabuni vimefika, ahsante. Tunavuna uwele. Ndege walishachukua fungu lao, sisi tunaokota kilichobaki.

Namba ya kitambulisho cha Baba nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Jina nimeliacha. Mimi ni mkwe wake. Tangu niolewe sijalitaja jina lake, si kwa mdomo wala kwa kalamu, na sitaanza kwa ajili ya Rwanda. Nilimwomba jirani yetu Mama Asma aniandikie, akasema miwani yake imevunjika. Jina la baba yako unalijua mwenyewe, liulize moyo wako.

Kuhusu safari, sikucheka. Lakini Baba ana magoti, na gari la siku mbili litamkausha. Mbuzi nao sina wa kumwachia. Nendeni ninyi, mtuletee picha. Usione kama sina shukrani. Nimechoka, na kwa mtu aliyechoka hata matembezi ni kazi.

Baba anakusalimu sana.

Loisi

*

Msalato
11 Mei 2025

Wifi,

Umekataa vizuri, kwa adabu, na mimi nimekataa kukataliwa. Magoti ya Baba yatanyooshwa: tutalala Kahama, hatutasafiri moja kwa moja. Mbuzi wako, Mama Asma hawezi kushindwa kuwaangalia kwa wiki moja. Na huko Rwanda kila kitu kiko karibu. Tukishavuka mpaka pale Rusumo, jioni tuko Kigali. Siku mbili pale, halafu Huye, halafu ziwani. Hakuna pa kupotea. Sostenes ameambiwa kule gari linapita kulia, basi kila jioni anaketi mezani anafanya mazoezi na kifuniko cha sufuria kama usukani. Gladness anamwambia baba yake, hapo umeshagonga ng'ombe.

Malazi nimeshapata, nyumba ya wageni ya kanisa, safi. Mimi, Sostenes na Gladness tuna vyumba vyetu juu. Ninyi nimewachukulia chumba cha chini chenye vitanda vitatu, wewe, Emiliana na Baba, asipande ngazi. Akitaka maji usiku upo hapo hapo, maana wewe ndiye unayemjua siku hizi kuliko sisi wote. Choo kimo ndani.

Ofisini wamenikubalia likizo. Bosi aliuliza naenda kupumzika na nini, nikamwambia orodha ni ndefu.

Niambie Baba amefurahi.

Devota

*

Chemba
18 Mei 2025

Devota,

Niliisoma barua yako mpaka kwenye vitanda vitatu, nikaikunja, nikaenda kupepeta uwele.

Mimi na baba mkwe wangu chumba kimoja? Choo kimo ndani? Tangu nimeingia katika nyumba hii sijampa mkono, sijala naye sahani moja. Akipita njiani nafunika kichwa nampisha. Mama yako ndiye aliyenifundisha hivyo, kwenye kigoda hiki hiki ninachokalia. Wewe umezaliwa humu, mimi nimekuja tu, na leo mimi ndiye wa kukukumbusha ukwe.

Na nikuulize jambo moja. Kwenda Kigali ni siku mbili. Kuja Chemba ni saa mbili na nusu, tena lami tupu. Siku mbili umezipanga mpaka na pa kulala. Hizi saa mbili na nusu hujazipanga tangu tulipomaliza matanga ya mama, na huu ni mwaka wa pili. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji naumwa kusubiri.

Usinijibu kwa kunibembeleza. Sina hasira, nimechoka tu.

Loisi

*

Msalato
25 Mei 2025

Wifi yangu,

Kile chumba nimekifuta. Niliusahau ukwe, na nina aibu, maana hata Gladness aliposikia alishika mdomo. Ukikaa mjini sana unahesabu vitanda, huhesabu tena nani analala wapi. Nisamehe. Na ya saa mbili na nusu ni kweli. Kila Jumamosi naamka nikisema leo nakwenda, halafu naogopa nyumba bila mama ndani yake, najipa kazi, jioni inafika.

Lakini kuna jambo lingine limenikosesha raha. Alhamisi nilimkuta Anuari, kijana wa kwa Mama Asma, anakula kwa mama ntilie huku kwetu. Kumbe tangu Januari ana kibarua kwenye uwanja mpya wa ndege. Tukasalimiana, akaniuliza, "Dada Devota, sasa nani anamwogesha mzee?"

Nikamwambia mzee anaoga mwenyewe. Aliacha kutafuna, akaniangalia kama mtu aliyetoa siri ya watu. Nilipombana akasema mwaka jana mzima alikuwa akija kwenu kila jioni kumwogesha Baba, kwamba Baba hakumbuki tena kuoga wala hajui sabuni ni ya nini, na kwamba wewe ulimwomba asituambie sisi wa mjini.

Tangu Januari Anuari yuko huku. Lameck hayupo. Hapo nyumbani mko wawili tu.

Loisi, nani anamwogesha Baba?

Devota

*

Chemba
1 Juni 2025

Wifi,

Barua yako imekaa chini ya godoro siku tatu. Leo nimerudi kanisani nikasema bora niandike kabla sijakaa, nikikaa nitalala.

Kwanza, simu inashika. Inashika hata jikoni. Nilikudanganya kwa sababu Baba akisikia sauti yako ndani ya simu anadhani ni ya mama. Anazunguka nyumba nzima akisema Cecilia amefungiwa, mfungulieni. Mara ya mwisho alivunja mlango wa kabati. Na ile salamu niliyokuandikia ni yangu, si yake. Nilipomwambia Devota ameandika, aliniuliza Devota ni mtoto wa nani.

Sikutaka mjue. Alikuwa mtu wa shati la kupigwa pasi, mzee wa kanisa. Nilitaka mbaki na huyo.

Anuari alipoondoka nilitafuta mwanaume. Kijana wa mchungaji alikuja mara mbili, akaacha. Wengine walitoa ahadi. Baba akakaa bila kuoga mpaka ngozi ikaanza kuchubuka mapajani, nzi wakamfuata. Nikajiambia, nishike ukwe au nishike mtu. Nikatundika kanga uani katikati yetu, nikageuza uso ukutani, nikapitisha mkono wenye kitambaa.

Akauliza, nani? Nikaendelea kusugua. Akauliza tena, "Cecilia?"

Nikaitika abee.

Tangu siku hiyo kila jioni mimi ni mama yako. Navaa kanga yake ya kijani, najipaka mafuta yake yale ya nazi yaliyobaki. Sisemi neno jingine, maana sauti yangu anaijua. Yeye anaongea. Ananisimulia habari za ng'ombe tuliowauza kabla sijazaliwa. Wakati mwingine ananishukuru, na hapo ndipo naumia. Nikimaliza namvisha, naingia jikoni, natoka nimefunika kichwa, nampelekea ugali kama mkwe. Ananiitikia kwa heshima, haniangalii usoni, kama inavyotakiwa.

Hiyo kazi siiogopi. Kuna jioni moja ya mwezi wa tatu upepo uliangusha kanga. Aligeuka tukatazamana, na macho yake yalikuwa safi kabisa, macho yake ya zamani. Akajifunika kwa viganja. Kesho yake hakula, wala keshokutwa. Siku ya tatu akala, na kila kitu kikaendelea kama kawaida. Lakini tangu hapo sijui kama anajua. Namwekea sahani najiuliza, huyu ananikwepa macho kwa sababu ya ukwe, au kwa sababu ya ile jioni? Natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Wazee wakisikia wataniita, watataka mbuzi wa kunisafisha, na watakuwa na haki. Mbuzi si kitu. Baba akisikia ndipo atakapokufa.

Sasa unajua kwa nini sikutaka Rwanda yako. Ningemtundikia kanga wapi katika nyumba ya wageni?

Loisi

*

Msalato
4 Juni 2025

Loisi,

Nimesoma nikiwa kazini, nikajifungia chooni, nikalia mpaka mtu akagonga.

Nina mpango. Likizo niliyoombea Rwanda naitumia Chemba. Jumamosi nashuka hapo na basi la asubuhi, wewe unapanda lile lile likigeuza. Gladness atakupokea. Tarehe 14 alfajiri Sostenes anaondoka na ninyi watatu, wewe, Emiliana na Gladness, na nafasi ya mbele garini ni yako. Usiniambie habari za mbuzi. Nimeishi na mbuzi kabla yako.

Nilimwambia Sostenes aje yeye, ni mwanaume, amwogeshe. Akaniambia mama Gladness, mimi si mkwe pia? Familia nzima wakwe watupu. Basi nimebaki mimi. Binti kumwogesha baba yake nako kuna aibu, lakini aibu yangu bado ni mpya, yako imeshachakaa.

Funga mzigo mdogo. Huko kuna baridi, chukua sweta.

Devota

*

Msalato
9 Juni 2025

Wifi Devota,

Nimelala. Sina habari nyingine ya kukupa. Nilifika Jumamosi, nikaambiwa nipumzike kidogo kabla ya chakula, nikaamka Jumapili watu wametoka kanisani. Gladness anasema alikuja mara kadhaa kusikiliza kama napumua. Nyumba yako ina mlango unaofunga na hakuna anayeniita jina lisilo langu. Hata nisingefika Rwanda, hii ingetosha.

Pale kituoni hatukupata nafasi ya kuongea, dereva alikuwa anapiga honi. Maji yasiwe ya moto, yawe kama ya kumwogesha mtoto. Anza na miguu, ukianza na kichwa anaogopa. Kanga ya kijani iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Alfajiri akienda zizini kuwafungulia ng'ombe, mwache afungue. Ng'ombe hawapo, lakini akishafungua anarudi kunywa uji kwa amani. Usimkumbushe.

Sasa nina ombi. Wewe ni mtoto wake, unaweza kumuuliza ambayo mimi siwezi. Siku akiwa na akili yake, mtafute kwa upole ujue kama anajua ni mimi. Hadi Ijumaa niwe nimepata jibu. Nimeshaamua. Kama anajua, nitakwenda hiyo safari kwa ajili ya Emiliana, lakini tukirudi nitashuka Zuzu kwa kaka yangu na sitakanyaga tena Chemba. Siwezi kumwekea chakula mtu niliyemwona vile, naye anajua kwamba nimemwona. Mtatafuta msaidizi. Mtalaumu, nitavumilia.

Niandikie kweli. Usinifariji. Nimeshazoea kufariji watu na najua inavyofanyika.

Loisi

*

Chemba
12 Juni 2025

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda cha mama. Mgongo unauma, mikono inanuka sabuni na mbuzi. Nimekaa hapa siku hizi chache na nimeshawahi kumfokea, nikaenda nyuma ya zizi kulia. Sijui wewe ulikuwa unalilia wapi.

Jumamosi hakunijua. Jumapili alinikaribisha kama mgeni wa dayosisi, akanipa kiti. Jioni nilivaa kanga ya mama kama unavyofanya wewe, akaniita, nikaitika, akasema wewe siye. Kumbe Cecilia wake ni wewe, mikono yangu haijui kazi. Nikavua kanga. Tangu hapo namwogesha nikiwa Devota tu, anakubali kwa kununa.

Jumanne alikataa kula. Nikakumbuka barua yako. Nikamfungua mdomo kwa nguvu kama ndama. Gego la mwisho limeoza lote, fizi imevimba. Nilimpeleka kwenye zahanati wakaling'oa, na daktari akasema jino la namna hiyo lilimsumbua kwa miezi, likiuma na kupoa. Leo amekula ugali na mlenda akaomba tena. Kuhusu zile siku mbili za mwezi wa tatu alizokataa kula, jipimie mwenyewe.

Jana jioni sasa. Nilikuwa namsugua miguu, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Devota." Alitaja jina langu, wifi. Nikasema naam, Baba. Nakuandikia aliyosema, sikuongeza wala kupunguza, na sijui yalitoka katika akili gani. Alisema:

"Mwanangu, nimeharibika. Siku hizi naogeshwa kama mtoto. Mama yako ndiye ananiogesha, ananihurumia, hasemi kitu. Lakini yule mkwe wangu, mke wa Lameck, asijue. Yule ni mtu wa heshima, hajakanyaga uani nikiwa naoga hata siku moja. Akijua ataona aibu, ataondoka, na mimi sina mtu mwingine. Niapie kwamba hutamwambia."

Nikamwapia.

Ndiyo nimevunja kiapo kwa baba yangu leo hii, kwa sababu uliniomba kweli. Halafu akauliza umekwenda wapi. Nikamwambia umetembea kidogo, utarudi. Akasema, "Mwache atembee, yule mtoto amechoka."

Nitakaa mpaka urudi, na ukirudi hutakuwa peke yako tena. Anuari ameniambia kibarua chake kinaisha mwisho wa mwezi, nimeshaongea naye arudi kukusaidia. Na Jumamosi moja kila mwezi ni yangu, hata kama nyumba bado inanitisha.

Devota

*

Msalato
13 Juni 2025

Wifi,

Konda ameileta barua jioni hii. Niliisomea uani, nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Emiliana aliniuliza mama kuna msiba, nikamwambia hapana, mara hii hakuna.

Mzigo uko garini. Sostenes bado anazunguka na kile kifuniko. Tunaondoka alfajiri, na tukirudi sitashuka Zuzu.

Kanga ya kijani ifue uianike, nitaihitaji. Mafuta ya nazi yanakaribia kwisha, nitatafuta mengine huko huko, mradi yanukie vile vile.

Na kesho ukimpelekea uji, mwambie mkwe wake anamwamkia kutoka njiani, shikamoo, na kwamba hajui lolote.

Loisi